Duka halikufungwa: hati ya uwakilishi ilivyotubeba, na pale ilipoishia

Kaka alianguka dukani Jumanne asubuhi, akihesabu nondo na dereva wa lori. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulilegea na maneno yakawa yanatoka nusunusu. Mchana tukapata kitanda hospitali, na jioni ndipo tulipong'amua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: kila kitu cha duka kilikuwa kwa jina lake peke yake. TIN (namba ya mlipakodi), leseni, akaunti ya benki, laini ya Lipa namba ambayo wateja hulipia kwa simu, mkataba wa pango, mpaka kirikuu, kigari kidogo cha kusambazia mzigo. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, lakini jina la biashara si mtu. Kisheria duka na mwenye duka ni kitu kimoja, na mwenye duka hakuweza kushika kalamu.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, Mbagala: saruji, nondo, mabati, misumari, mabomba, rangi. Vijana watatu na dada wa kaunta. Ninachoeleza hapa ni cha Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na Kenya zao, kwa hiyo usichukue hatua zetu ukazipeleka kule zilivyo.

Kosa la kwanza tulilifanya usiku uleule. Shemeji alikuwa anaijua namba ya siri ya simu ya mumewe, tukatoa hela za mauzo tukalipia hospitali. Nani asingefanya hivyo? Ila laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole za kaka, na kuijua namba ya siri ya mtu hakukupi mamlaka juu ya hela yake, hata uwe mke. Kesi haikuja. Kilichokuja, miezi minne baadaye, ni ndugu walioketi sebuleni wakiuliza hela ile ilikuwa kiasi gani na nani aliidhinisha. Hatukuwa na kipande cha karatasi. Ukibanwa hivyo usiku, andika palepale: kiasi, saa, kimeenda wapi, risiti ya hospitali pembeni, na watu wawili watie sahihi. Ni dakika tano tu.

Kesho yake tukampigia wakili. Hatukumaliza hata kueleza, akauliza, "Anaelewa?" Hakuuliza kama anaweza kuandika. Hati ya uwakilishi, ambayo ofisi nyingine huiita nguvu ya kisheria, ni karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, na inasimama juu ya uwakala wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Anayeitoa lazima awe na akili timamu siku anayoitoa, na uwakala unakufa mtoaji akifa au akipoteza akili. Mkono uliopooza hauzuii kitu. Ulimi mzito nao hauzuii, ila ni lazima ionekane wazi kwamba mtu anaelewa anachokitoa. Ndiyo maana tuliomba barua ya daktari yenye tarehe ileile ya kusaini, inayosema mgonjwa anajitambua na anaweza kuamua. Barua ya wiki iliyopita haina kazi.

Siku ya tisa wakili akaja kitandani. Akatutoa wote nje, na hilo ni jambo jema, maana wakili anayemhoji mgonjwa mbele ya wale watakaopewa mamlaka anajitafutia matatizo na kuwatafutia ninyi. Tulimsikia kupitia mlango uliobaki wazi kidogo. Unaitwa nani? Duka liko wapi? Saruji unachukua kwa nani? Kaka akataja jina la msambazaji, polepole. Unadaiwa? "Kumi na nne." Laki? Akakataa. Milioni. Nilipofungua daftari dukani jioni, deni lilisomeka 13,870,000. Majibu ya namna hiyo wakili aliyaandika kwenye kumbukumbu zake, na ni ushahidi mzuri kuliko sahihi yoyote.

Kwenye dole gumba, ambalo kaka aliliweka badala ya sahihi, tulipoteza nakala ya kwanza. Kidau cha wino kilikuwa kimeanza kukauka, kidole kina jasho, tukakandamiza, likatoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Kifute kidole kwa spiriti kwanza, kikauke, kisha kizungushe taratibu kutoka upande mmoja wa ukucha hadi mwingine bila kukikandamiza. Na kwa kuwa tulitumia dole la kushoto, hati yenyewe ilibidi iseme kwamba mkono wa kulia umepooza, na kwamba maneno yote yalisomwa kwake kwa Kiswahili akayaelewa kabla ya kuweka alama. Mashahidi wawili wasiwe wale wanaopewa mamlaka. Sisi tulimtumia jirani wa duka na mjumbe wa nyumba kumi.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Kabla wakili hajaja, binamu aliyeko Leicester alikuwa ametutumia fomu ya kule, tuijaze tu. Ile ni ya Uingereza na Wales. Wao wana hati ya kudumu, inayosajiliwa kwenye ofisi ya serikali, na inaendelea kufanya kazi hata mwenye mali akipoteza akili. Yetu ni kinyume chake: inakatika pale pale unapoihitaji zaidi. Ukichapisha ile fomu ukaisaini hapa, maneno yake hayabadilishi sheria ya hapa. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wazima wamekaa nayo kwenye droo wakidhani wamejiandalia uzee.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja nono: mwakilishi afanye mambo yote ya biashara kwa niaba yangu. Benki wakaisoma wakairudisha. Hati za namna hii husomwa kwa ubahili. Kisichotajwa huhesabiwa hakikutolewa. Ya pili ikataja jina la benki, tawi na namba ya akaunti. Kuweka, kutoa, kusaini hundi na kuchukua taarifa ya akaunti. Ikataja kununua bidhaa za duka, kwa fedha taslimu na kwa mali kauli, yaani kuchukua mzigo ukalipa baadaye, isiyozidi milioni 15 kwa wakati mmoja. Kudai na kupokea madeni na kutoa stakabadhi. Kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi, kwa mamlaka ya mapato TRA, kuomba namba ya malipo, kufika mbele ya ofisa wa kodi, kutumia na kupeleka matengenezo mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kuhuisha leseni ya halmashauri na mkataba wa pango. Kulipa mishahara na michango ya NSSF. Kirikuu: kuitumia, kuikatia bima, kuitengeneza. Kuiuza, hapana.

Na hizo "hapana" ziandikwe kwa herufi, zisibaki za kudhaniwa. Kutokopa, kutoweka rehani mali yoyote, kutomdhamini mtu, kutouza kiwanja, kutomteua mwakilishi mwingine. Mwakilishi mwenyewe ndiye anayepaswa kuzitaka. Zinamlinda dhidi ya ndugu atakayekuja na wazo la mkopo.

Mamlaka walipewa watu wawili, shemeji na mimi, na neno moja likatutesa wiki tatu. Wakili aliandika "kwa pamoja". Maana yake hakuna hata mfuko wa misumari unaolipwa na benki bila sahihi mbili, na shemeji yuko hospitali mchana kutwa. Tulipoirekebisha tukaandika kwamba kila mmoja anaweza kutenda peke yake hadi milioni 3, na juu ya hapo kwa pamoja. Kama mmepewa wawili bila kueleza ni kwa pamoja au kila mmoja kivyake, tarajia kurudishwa kila mahali.

Majina nayo. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, TIN ina mawili, akaunti ya benki ina herufi moja iliyozidi kwenye jina la baba. Dukani hakuna aliyewahi kujali. Hati ikishatoka ina jina moja tu, na kila kaunta inalinganisha na lake. Ilibidi tuongeze hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kaka akaweka dole tena. Weka vitambulisho vyote mezani siku ya kwanza, uvisome herufi kwa herufi, na kiapo cha majina kisainiwe siku ileile ya hati.

Hati ikishasainiwa inalipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Ni hela ndogo, ndiyo maana watu huisahau. Bila stempu mahakama haitaipokea kama ushahidi siku mdaiwa wako atakapogeuka. Inayogusa ardhi inakwenda pia kwa Msajili wa Hati, yetu haikugusa. Saini nakala halisi tano, usisaini moja ukaenda kutoa fotokopi, kwa sababu benki ilibaki na moja, msambazaji akataka yake, na kila ofisi iliyobaki ilitaka kuiona halisi hata kama inachukua kivuli. Gharama yetu ya wakili, pamoja na kuja hospitali mara mbili, ilifika 350,000, na karibu nusu yake ni ya kurudia makosa niliyoyataja. Wakili naye mthibitishe kwenye mfumo wa eWakili wa Mahakama kabla hujampa senti. Jina likiwa halimo, au limesimamishwa, mhuri wake hauna thamani.

Nilidhani tukishaipata hati kazi imekwisha. Kumbe hati inakufikisha kaunta tu. Kila kaunta ina karatasi yake.

Benki walikuwa na fomu yao ya kubadili watia sahihi, na bila hiyo hati yetu ilikuwa kiambatisho tu. Wakataka picha, NIDA zetu, barua za serikali ya mtaa. Tena, kwa kuwa kielelezo cha sahihi kilichokuwa kwao kilikuwa cha mkono wa kulia na hati ina dole la kushoto, wakamtuma ofisa wao kumwona kaka. Siku 16 kwa jumla. Katika siku hizo duka liliendeshwa kwa mauzo ya taslimu: kila jioni hela ilihesabiwa na watu wawili, ikaandikwa, ya mzigo wa kesho ikabaki na nyingine ikawekwa benki. Kuweka hela hakuna anayekuzuia. Kutoa ndiko kuna ulinzi.

Laini ya Lipa namba hatukuweza kuhamishiwa. Nimeshasikia watu wakisema "si unabadilisha tu namba ya siri". Tulichofanya ni kumpelekea kaka simu kila Jumamosi, akabonyeza mwenyewe kwa kidole cha kushoto kuhamishia mauzo kwenye akaunti ya benki, na sisi tukazitoa kule kwa mamlaka yetu. Ilichukua karibu robo saa kila mara, na alikuwa akikosea namba anacheka. Mtaalamu wa mazoezi akatuambia ni zoezi zuri.

TRA hawasubiri mgonjwa apone. Duka limesajiliwa VAT, kwa hiyo ritani inatakiwa ifike kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mwezi mzima hamkuuza kitu. Hapo mnapeleka ya sifuri. Awamu za kodi ya mapato zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Nywila ya mfumo ilikuwa kichwani mwa kaka, na namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu yake. Tulipeleka barua na hati ofisi ya kodi ya mkoa tukaandikishwa kama wanaowasilisha kwa niaba yake. Mwezi wa kwanza ulishatupita na faini tukalipa. Mashine ya EFD inatakiwa kutoa ripoti ya Z, ya jumla ya mauzo, kila siku, na ikiharibika ofisi ipewe taarifa ndani ya saa 24. Ya kwetu iligoma wiki ya pili, betri imechoka, na taarifa ile ya maandishi yenye mhuri wa kupokelewa ndiyo iliyotuokoa wakaguzi walipopita.

Sasa mali kauli, maana duka la vifaa vya ujenzi linaishi kwa hilo. Msambazaji wa saruji alisikia habari kabla hatujamwambia, akasimamisha mzigo. Hakuwa mbaya, alimwamini kaka, hakutuamini sisi. Tulimpelekea nakala halisi ya hati, barua fupi ya utambulisho, na ratiba ya kulipa lile deni la zamani, milioni 2 kila wiki. Wiki mbili tukachukua kwa taslimu tu, mifuko 100 badala ya 300. Ya tatu akafungua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Lori limefika, mvua inanyesha, vijana wanashusha, dereva ananiharakisha. Nikasaini hati ya kupokea mzigo wa milioni 6 kwa jina langu, basi. Malipo yalipochelewa, dai likaja kwangu binafsi, na walikuwa na haki: mwakilishi anayeingia makubaliano bila kuonyesha kwamba anamwakilisha mtu hufungwa yeye. Tangu siku ile tulichonga mhuri: jina la kaka na la biashara juu, chini yake "kwa niaba yake, kwa hati ya uwakilishi ya tarehe fulani", kisha jina langu na sahihi. Mhuri mmoja unakaa kaunta, mwingine kwenye kirikuu.

Wadaiwa wetu nao wana wimbo wao: nitamlipa mwenyewe akipona. Fundi mmoja aliimba hivyo miezi mitatu. Usigombane naye. Mwonyeshe kifungu cha kupokea madeni, mwambie atapewa stakabadhi inayomtaja kaka, na kubali vipande. 50,000 leo inavunja ile hoja kwamba hakutambui. Kati ya madeni 31 ya daftari, 19 tulikusanya yote au sehemu. Yaliyobaki hayakuwa na sahihi ya mdaiwa, na hayo hata hati ingekuwa ya dhahabu isingesaidia.

Kitu tulichokifanya vizuri, karibu kwa bahati, ni kuhesabu stoo siku ya pili, kabla ya kuuza chochote. Jirani wa duka alisimama shahidi. Nondo za milimita 12, 187. Za 10, 94. Mabati geji 30, bando kwa bando. Saruji mifuko 412, na kati yake 23 ya safu ya chini, iliyogusa sakafu, ilikuwa imeganda kingo. Tukaiandika peke yake. Orodha ile ikasainiwa na kupigwa picha. Ndugu walipokuja kuuliza mbona stoo imepungua, tuliifungua mezani, na kando yake daftari la mauzo na la manunuzi. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwakilishi anawajibika kutoa hesabu na kutenganisha hela ya mwenyewe na yake. Chai ya vijana, nauli yangu, vocha, vyote vilikuwa na mstari wake. Posho yangu pia iliandikwa ndani ya hati, kwa kiasi. Bila hivyo, kila senti niliyojilipa ingekuwa ya kutiliwa shaka.

Mwezi wa nne kaka alipata maambukizi, homa ikampanda, akapoteza kumbukumbu. Siku nane hakumjua mkewe. Wakili akasema neno ambalo hatukutaka kulisikia: hati yenu siku hizi ina mashaka, simameni. Tuliuza kilichokuwepo, tukapokea hela, tukaziweka benki. Hatukutoa hata shilingi, hatukuchukua mali kauli, hatukusaini chochote kipya. Mshahara wa vijana niliukopesha kutoka mfukoni nikaandika. Kama hali ile ingeendelea, njia iliyobaki ilikuwa kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali za mtu asiyejiweza kiakili, na hiyo si kazi ya wiki moja. Akazinduka siku ya tisa akiomba uji. Daktari akaandika barua, wakili akarudi, na hati ikasainiwa upya badala ya kubishana kama ile ya zamani ilifufuka. Laki na nusu nyingine. Sikulalamika.

Na kama angefariki, hati ingekoma saa ileile. Wapo wanaokimbilia benki kabla ya mazishi wakiwa na hati mkononi, wakidhani wanawahi. Hela hiyo tayari ni mirathi. Anayeruhusiwa kuigusa ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na atakayeitoa kwa hati ya marehemu atakuja kuirudisha, pengine mbele ya hakimu.

Mwezi wa saba kaka alirudi kaunta, kwa fimbo, nusu siku. Kurudi kwake hakukufuta hati. Kufuta ni kwa maandishi, na asiyepewa taarifa anaweza kuendelea kutushughulikia kama wawakilishi na likamfunga kaka. Tuliandika barua moja ya kufuta, akaisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi, tukaipeleka benki, TRA, kwa mwenye nyumba na kwa msambazaji, kila mahali tukirudi na kivuli chenye mhuri wa kupokelewa. Mihuri miwili tukaikatakata kwa kisu. Nakala tulizobaki nazo za hati zimo kwenye bahasha nyumbani kwa kaka. Ya msambazaji imo kwenye faili lake, hakutaka kuitoa, ila barua yetu imebanwa kwa pini juu yake, na tarehe inasomeka.